Vidole Vitatu vya Nafasi

Siku ya kuandikisha watoto, ukumbi wa shule ulijaa mpaka mlangoni. Watoto walilia, kina mama walibishana kuhusu foleni, na feni ya darini ilizunguka kivivu kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Katikati ya fujo hiyo, kwenye kigoda kando ya benchi, alikaa fundi cherehani ambaye shule nzima ilimwita Tepu, maana hakuna aliyewahi kumwona bila tepu ya kupimia shingoni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mwembamba, gauni la bluu la mikono mirefu, kitambaa cheupe kichwani, pini mbili mdomoni. Alimpandisha mtoto kwenye benchi, akampima, akaandika kwenye daftari, akamshusha.

"Mwingine!"

Mwingine alikuwa mwanaume mzima.

"Mtoto yuko wapi?" Tepu aliuliza bila kuinua macho.

"Sina mtoto."

"Foleni hii ni ya sare, kaka. Ya kupokea barua iko kule dirishani."

"Najua. Nimesimama hapa dakika arobaini. Huyu mama wa nyuma yangu ameshanihubiria mpaka nimetubu."

"Na bado hajatoka!" alisema mama wa nyuma. "Hana mtoto, hana sare, ana mabega tu ya kutuzibia hewa."

Tepu akainua macho. Alimwona kijana wa makamo yake, mrefu, shati la kaki limepigwa pasi vizuri lakini kucha zina weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni. Alikuwa na uso wa mtu aliyejiandaa kuomba msamaha kabla ya kukosea.

"Shida yako nini?"

"Nataka kuona daftari lako."

Tepu akatoa pini mdomoni. Katika maisha yake wanaume walishamwomba namba ya simu, walishamwomba maji ya kunywa wakati hawana kiu, mmoja alishamwomba amshonee kifungo ambacho hakikuwa kimekatika. Wa kumwomba daftari hakuwahi kumpata.

"La nini?"

"Natengeneza baiskeli za watoto. Shule inataka arobaini kwa ajili ya uwanja wake. Mwalimu Mkuu ameniambia wewe unaijua miguu ya watoto wa hapa kuliko mama zao."

"Baiskeli za watoto si zimejaa madukani?"

"Zile ni baiskeli za baba zao zilizofuliwa zikapungua."

Tepu alicheka, na alicheka kwa sauti, jambo ambalo kina mama wa foleni walilikariri na kwenda nalo nyumbani. Akafunga daftari.

"Daftari langu halitoki. Ukitaka vipimo, uje dukani kwangu nikusomee."

"Lini?"

"Siku ambayo hutaziba hewa ya watu. Mwingine!"

Alikuja kesho yake asubuhi, akaja na kesho kutwa. Watu walimwita Pedeli, na Tepu naye akamwita hivyo hivyo. Alikaa kwenye kiti cha wateja, karatasi gotini, akaandika anachosomewa: miaka minne, mguu wa ndani, yaani toka makutano ya mapaja mpaka kisigino, inchi kadhaa, miaka mitano, kadhaa, urefu wa mkono, upana wa nyonga. Siku ya tatu vipimo vilikwisha, lakini siku ya nne alikuja tena.

"Leo umesahau nini?" Tepu aliuliza, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Viganja. Hukunipa upana wa viganja."

"Sare haina glavu."

"Basi inabidi twende tukawapime pamoja."

"Ahaa," alisema Tepu. "Kumbe viganja."

Jumamosi iliyofuata Pedeli alimwalika karakanani kwake. Tepu alivaa gauni lenye maua ya zambarau alilolishona kwa ajili ya harusi ya mtu mwingine, akajisemea njiani kwamba amelivaa kwa sababu lile la bluu halijakauka. Karakana ilinuka rangi na mafuta ya cheni. Fremu ndogo zilining'inia ukutani kwa mstari, nyekundu, kijani, njano. Na katikati ya chumba ilisimama baiskeli moja kubwa ya ajabu, kiti chake kinamfika Tepu mbavuni.

"Hili zimwi ni la nani?"

"Lako. Panda."

"Mimi? Na gauni hili?"

"Nitakushika."

Alipanda kwa kuhangaika. Miguu ilining'inia hewani. Pedeli zilikuwa mbali kwa upana hata magoti yakatoka nje kama ya bata. Akanyoosha vidole kutafuta breki, ncha zikagusa tu, hazikuweza kuvuta. Chuma chenyewe kilikuwa kizito kama kimejaa mchanga.

"Nishushe! Hii si baiskeli, hii ni adhabu!"

"Nilichukua baiskeli ya dukani ya mtoto wa miaka sita," Pedeli alisema, bado amemshika kiunoni kwa adabu, kwa ncha za vidole, "nikaikuza kila kitu mpaka ikutoshe wewe kama inavyomtosha yeye. Uzito, upana, breki, yote. Hiki ndicho tunachowapa siku zao za kuzaliwa, halafu wakianguka tunawaambia ni waoga."

Tepu alitazama zile fremu ndogo ukutani: mikono ya pedeli mifupi, pedeli zimesogezwa karibu kwa ajili ya nyonga nyembamba, vishikio vya breki vyembamba vilivyorudishwa karibu na usukani ili kidole cha mtoto kifike. Juu ya kila moja kulikuwa na kiti kilichoshushwa kabisa.

"Mbona viti viko chini hivi?"

"Mtoto akiogopa anafanya jambo moja tu. Anashusha miguu. Nyayo zikigusa chini zote mbili, woga umekwisha. Zisipogusa, hata ukimpa breki za ndege ataanguka."

Aliyasema haya kwa sauti ya mtu anayezungumzia watu anaowaheshimu. Nadhani ni hapo Tepu alipopotea, ingawa yeye mwenyewe angekwambia ni baadaye.

Simu zikaanza.

"Tepu, uko wapi?"

"Nimekaa kwenye cherehani, wapi tena?"

"Mtoto wa miaka mitano kiganja chake ni kama nini?"

"Kama kipande cha mkate kilichokatwa vibaya."

"Nataka inchi, mpenzi."

"Inchi mbili na robo. Na hilo neno la mwisho umelitoa wapi?"

"Limetoka lenyewe. Nilirudishe?"

"Liache hapo hapo lilipo."

Jioni nyingine, baada ya sala, simu ililia tena.

"Nimekupigia sina la kuuliza."

"Basi kata."

"Nakata." Hakukata. Tepu naye hakukata. Walisikilizana wakipumua mpaka mama yake Tepu akauliza toka jikoni kama hiyo simu imeharibika au walioishika ndio walioharibika.

Nyumba ya Tepu ilikuwa na watu watatu. Mama yake, aliyeamka kabla ya jua kusali na kusikia kila kitu hata kisichosemwa. Yeye mwenyewe. Na Kidoti, msichana wa miaka sita, mtoto wa kaka yake Tepu. Kaka huyo na mkewe walifariki ndani ya mwaka mmoja, Mungu awarehemu, na mtoto akaja kwa bibi yake na shangazi yake akiwa na mfuko mmoja wa nguo na nukta nyeusi juu ya mdomo iliyompa jina. Kwa mwaka mzima hakulala bila kushika pindo la gauni la shangazi yake.

Kwa hiyo mwezi wa tano, Pedeli alipomwambia Tepu waziwazi, wamekaa kwenye ngazi za karakana wakinywa chai, kwamba anataka kumwoa, Tepu alitazama kikombe chake.

"Nisubiri mpaka Kidoti akue."

"Akue mpaka wapi?"

"Miaka minane. Tisa. Kumi hivi."

"Umeongeza miwili kabla sijameza chai."

"Pedeli, huyu mtoto ameshazoea mtu, mtu akaondoka. Ameshazoea wa pili, naye akaondoka. Nikikuleta nyumbani na wewe siku moja ukaona nyumba imekubana, mimi nitalia nitanyamaza. Yeye je?"

"Mimi siendi popote."

"Kila mtu husema hivyo akiwa amekaa."

Pedeli hakubishana. Wiki ile ile aliomba jambo moja tu: baiskeli ya kwanza kati ya zile arobaini, ile ya mfano, iwe ya Kidoti. Tepu alifurahi mpaka akaona haya. Akampandisha mtoto kwenye benchi la dukani jioni hiyo hiyo, akampima, akapiga simu.

"Andika. Mguu wa ndani, inchi ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili? Mrefu kumbe!"

"Amefuata kwa shangazi yake."

"Basi kazi ipo. Nitapata shida mbili ndefu nyumba moja."

"Andika, wacha maneno."

Baiskeli ilikuja Jumamosi asubuhi, njano, imefungwa utepe. Kidoti alivaa soksi nyeupe na viatu vya shule kwa heshima yake. Walikwenda kwenye uwanja wa shule, bibi amekaa kwenye kiti alichobebewa, Tepu amesimama mikono kifuani. Pedeli alimpandisha, akamshika begani, akatazama chini kwenye viatu vya mtoto muda kidogo, kisha akamwachia. Mtoto akaenda! Alikwenda moja kwa moja, nywele zinaruka, anacheka kicheko ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia. Kufika karibu na ukuta akaogopa. Akafanya kile ambacho watoto wote hufanya: akashusha miguu.

Ardhi haikuwepo.

Alianguka upande, mkono chini, baiskeli juu. Mlio wa mfupa Tepu aliusikia toka alipokuwa amesimama, na aliendelea kuusikia kwa siku nyingi.

Pedeli ndiye aliyembeba mpaka hospitali. Walipokuwa wakisubiri kwenye benchi la korido, mtoto yuko ndani anafungwa plasta na sauti yake inapenya mlango, Pedeli alitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni. Uso wake ulikuwa umepauka. Alisoma kama mtu anayejisemea peke yake.

"Ishirini na mbili. Uliniambia ishirini na mbili."

Tepu akageuka polepole. "Unasemaje?"

"Kiti nilikiweka kwa ishirini na mbili. Sielewi."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwangusha."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, umesoma. Mtoto analia mle ndani na wewe umekaa hapa unanisomea hesabu!"

"Tepu, mpenzi..."

"Usiniite hivyo hapa! Miaka kumi na moja napima watoto wa watu. Hakuna hata mmoja aliyerudi na malalamiko. Wewe umetengeneza moja tu, imevunja mkono. Tena wa kwetu. Chukua karatasi yako, uondoke. Na namba yangu uifute."

Bibi, aliyekuwa amefumba macho akisali, hakuyafumbua. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Mtoto wa mwanangu si wa kufanyiwa majaribio." Hilo ndilo lililomwinua Pedeli kwenye benchi. Aliondoka ameishika ile karatasi kama imemuunguza.

Wiki mbili simu haikulia. Au ililia, lakini walikuwa wateja. Tepu alikanyaga cherehani kama ana kisa nayo, akavunja sindano nne. Wanawake wa duka la jirani walimuuliza yule kaka wa grisi kapotelea wapi, akawajibu kwamba yeye si mlinzi wa watu. Jioni alisali, na katika sala zake alimweleza Mungu kwa urefu jinsi alivyokuwa hana kosa. Mungu hakumjibu, na hilo lilimsumbua, kwa sababu kwa kawaida akiwa na haki huamka mwepesi.

Wiki ya tatu bibi alisema Kidoti anahitaji suruali ya kuvaa nyumbani, ya mpira kiunoni, isiyo na kifungo, maana mkono mmoja hauwezi vifungo.

"Na uishone imtoshe sasa hivi," aliongeza. "Isiwe ya kukulia. Ikiwa ndefu ataikanyaga aanguke tena, na hana mkono wa kujizuia."

"Sawa, Mama."

Tepu alimpandisha Kidoti kwenye benchi dukani. Plasta ilikuwa imejaa michoro ya kalamu. Akaweka ncha ya tepu juu, akaishusha kwa ndani ya mguu, mkono ukateremka wenyewe kama ulivyoteremka kwa watoto maelfu, ukavuka ukingo wa benchi, ukasimama. Akainama kusoma.

"Ishirini na..."

"Shangazi," alisema Kidoti, akichungulia chini.

"Tulia nisome."

"Lakini hapo si mimi tena. Mimi nimeishia hapa." Akagonga benchi kwa kisigino.

Tepu akatazama. Kidole gumba chake kilikuwa kimebana tepu hewani, chini ya ukingo wa benchi. Kati ya kidole hicho na kisigino cha mtoto palikuwa na nafasi. Akaweka vidole vyake hapo. Vikaingia vitatu sawasawa.

Akakaa chini.

Mwalimu aliyemfundisha ushonaji, bibi mmoja mkali aliyepiga vidole kwa rula, alikuwa akisema: chini ya kisigino mwachie vidole vitatu ndipo usome, mama wa mtoto atakushukuru mwakani. Na kina mama walishukuru kweli. Mwachie nafasi, fundi, walisema, huyu anarefuka kama mahindi. Tepu aliacha nafasi mwaka wa kwanza kwa kufikiri. Mwaka wa pili mkono ulifikiri wenyewe. Kufikia wa kumi na moja kichwa kilikuwa kimesahau kabisa kwamba kuna kitu mkono unafanya. Akafungua daftari, akapitisha macho ukurasa baada ya ukurasa. Watoto wote, kila mmoja kwa jina lake, wote warefu kuliko Mungu alivyowaumba.

Kwa suruali hilo ni pindo tu. Kwa baiskeli...

"Arobaini," alisema kwa sauti.

"Arobaini nini, Shangazi?"

"Watoto arobaini. Ee Mungu wangu, na mimi nilimfukuza kwa maneno yale."

"Umemfukuza nani? Fundi?" Kidoti alikaa kwenye benchi, miguu inaning'inia. "Nilidhani ametukasirikia kwa sababu nimeangusha baiskeli yake."

Tepu alimtazama huyu mtoto. Wiki tatu alikuwa akimlinda na mtu atakayeondoka, na kumbe aliyemwondoa mtu ni yeye. Na mtoto alikuwa ameishi wiki tatu na jambo hilo kimya kimya, akidhani kosa ni lake.

"Ungependa arudi?"

"Aje kuniwekea kiti vizuri. Na aje tu."

Tepu hakusubiri kuchukua mkoba. Alimpeleka Kidoti kwa bibi yake, akaenda shuleni na daftari kwapani, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, tepu inapepea shingoni. Akaingia kwa Mwalimu Mkuu, akasema yote bila kupumua: daftari langu si la baiskeli, lina nafasi ndani yake, zile arobaini zisimamishwe, kosa ni langu, na kama shule inataka fundi mwingine wa sare nitaelewa.

Mwalimu Mkuu alivua miwani. "Kosa lako? Fundi wa baiskeli alikuja hapa kitambo akaniambia kosa ni lake. Amesimamisha kazi mwenyewe. Akaomba ruhusa ya kupima upya kila mtoto kwa mkono wake. Anakuja kila asubuhi. Kwani hamwongei?"

"Alisema chochote kuhusu daftari?"

"Hata neno."

Nyuma ya madarasa, watoto walikuwa wamesimama mstari, migongo ukutani, viatu mkononi. Pedeli alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi mbele ya msichana asiyekuwa na meno ya mbele. Alimpa kitabu kigumu akibane katikati ya mapaja, akakisukuma juu taratibu mpaka kikagota, akachora ukutani kwa chaki pale kilipofika, kisha akapima toka alama mpaka chini. Ukuta mzima ulikuwa na vistari vya chaki, kila kimoja na jina.

"Ishirini," alisema.

"Ishirini na mbili kasoro," alisema Tepu nyuma yake, "ukinisomea mimi."

Alisimama haraka, magoti yote vumbi. Walitazamana. Watoto nao wakawatazama.

"Nilikuja kukwambia..." alianza Tepu.

"Najua. Unaacha nafasi."

"Unajua?"

"Nimepima watoto thelathini na wanne. Wote wamepungua inchi mbili kasoro. Mmoja akikosea ni bahati mbaya. Thelathini na wanne, huo ni mkono wa mtu."

"Umejua toka lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita."

"Jumanne! Na hukunipigia?"

"Uliniambia nifute namba."

"Ukafuta?"

"Nilifuta. Lakini naijua kichwani, haifutiki." Akajipangusa mikono kwenye suruali, akaichafua zaidi. "Ningepiga nikwambie nini? Kwamba nilikuwa sahihi? Kuna mtu aliyewahi kupiga simu hiyo akapona?"

Tepu alitaka kucheka, machozi yakatangulia. "Nilikwambia maneno mabaya. Mbele ya mama yangu. Kosa langu nikakuvisha wewe."

"Si lako." Sasa alikuwa hacheki. "Sikiliza. Siku ile kabla sijamwachia, nilitazama viatu vyake. Niliona. Ncha tu zilikuwa zinagusa. Miaka tisa kazi yangu ni kutazama nyayo za watoto, na niliona kwa macho yangu mawili kwamba hazikufika. Nikajiambia, haiwezekani, hiki ni kipimo cha Tepu. Nikaamini karatasi nikamwacha mtoto, kwa sababu karatasi ilikuwa yako. Hilo ndilo lililonishinda kukwambia pale hospitali. Badala yake nikasoma namba kama mjinga."

Wale watoto walianza kuchoka. Mmoja aliuliza kama wanaweza kuvaa viatu.

"Vaeni," alisema Pedeli.

"Anauliza habari zako," Tepu alisema. "Kidoti. Alidhani umemkasirikia yeye kwa kuangusha baiskeli."

Pedeli akaweka kiganja usoni.

"Lile jambo uliloniuliza kwenye ngazi," Tepu aliendelea, na sauti yake ilikuwa imara kama ya mtu anayekata kitambaa cha bei, "nilikujibu kwa kipimo kibaya vile vile. Nilikwambia usubiri mtoto wa miaka kumi. Sina mtoto wa miaka kumi. Nina wa miaka sita, na anakutaka leo. Mimi pia."

"Na mama?"

"Mama ndiye kazi." Akatoa simu. "Tumpigie sasa hivi, kabla sijaogopa."

Simu iliita mara moja.

"Mama, niko na fundi."

"Fundi yupi? Wa bomba nimemwita toka juzi hajafika."

"Mama!"

"Nauliza tu. Mafundi ni wengi. Yule wa magurudumu?"

"Ndiye. Mama, kipimo kilikosewa na mimi. Si yeye. Na ameniomba nimwoe... aniolee... yaani, mimi nimekubali."

"Umekubali kabla ya kuniambia, au unaniambia kabla ya kukubali?"

"Vyote, Mama."

"Mpe simu."

Pedeli alifuta mkono mara mbili kabla ya kuishika. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. We kijana, nina swali moja, usinizungushe. Binti yangu ni mtu mzima, anajua anachofanya. Huyu mtoto wa marehemu mwanangu unamweka wapi?"

"Mama, mimi sikuomba nusu ya nyumba. Nimemwomba Tepu na Kidoti. Na wewe pia, kama utanipokea. Nikikosea tena nitasema nimekosea siku hiyo hiyo, sitasoma karatasi."

Upande wa pili palisikika pumzi ndefu, kisha sauti ya Kidoti ikiuliza ni nani, ni nani, na kuambiwa anyamaze watu wazima wanaongea. Kisha ile sauti ya chini ya korido ya hospitali, isiyopanda wala kushuka:

"Haya."

Simu ikakatwa.

Pedeli alibaki ameitazama. "Haya? Haya ndiyo nini? Amekubali au ameniaga?"

Tepu alimpokonya simu, akamfuta vumbi begani, akamsogelea mbele ya watoto wote wa mstari bila kujali watapeleka nini kwao.

"Haya ya mama yangu ni ndiyo," alisema. "Siku akikwambia 'sawa', hapo ndipo ukimbie."